Alaska kwa Meli na Nchi Kavu: Namna ya Kuchagua Msimu

Alaska ya bara hufunga milango mapema kuliko Alaska ya baharini. Meli za kitalii huanza kupita kwenye visiwa vya kusini-mashariki mwishoni mwa Aprili, na nyingine huendelea hadi Oktoba. Lakini mabasi ya Hifadhi ya Denali, hoteli nyingi zilizo karibu nayo na treni ya kila siku kati ya Anchorage na Fairbanks hufanya kazi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Septemba tu. Mtu akivutiwa na bei ya meli, akalipa, ndipo akaanza kutafuta ziara ya bara, anaweza kukuta tarehe zake zimeangukia wakati ambao hakuna basi, hakuna treni, wala hakuna kitanda. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia bara na kuteremka baharini.

Hatua ya kwanza: zijue Alaska mbili

Meli hupita Ketchikan, Juneau, Skagway na Sitka, katikati ya visiwa na milima iliyofunikwa na msitu wa Tongass, mkubwa kuliko misitu yote ya taifa ya Marekani. Msitu huo unanyweshwa kweli kweli. Ketchikan hupata zaidi ya milimita 3,500 za mvua kwa mwaka, zaidi ya mara tatu ya mvua ya Dar es Salaam. Aprili, Mei na Juni ndiyo miezi yenye nafuu. Kuanzia Agosti mvua huongezeka, na Septemba na Oktoba ndiyo miezi inayoongoza. Joto halichomi wala baridi haitishi: mchana wa Julai Juneau hufika nyuzi 17 au 18, usiku hushuka hadi 10 au 11, kama Limuru ya mwezi huohuo. Mei na Septemba punguza nyuzi nne au tano.

Ukivuka milima kwenda Denali na Fairbanks, mambo hubadilika. Fairbanks hupata takribani milimita 300 tu kwa mwaka, theluji ikiwamo, na Julai jua linaweza kupandisha joto kupita nyuzi 25. Mwanzoni mwa Mei miti bado iko uchi. Mwisho wa mwezi huohuo majani yameshatoka yote. Mvua ya huko nayo hupendelea Julai na Agosti.

Ukiziweka kalenda hizo mbili pamoja, utaona kwamba ni kuanzia wiki ya mwisho ya Mei hadi katikati ya Juni ndipo pwani na bara aghalabu huwa na mvua ndogo kwa wakati mmoja. Baada ya hapo kila tarehe ina cha kupata na cha kupoteza, na kazi yako ni kuamua utapoteza nini.

Hatua ya pili: panga siku za Denali kabla ya kugusa meli

Barabara ya Denali ina urefu wa kilomita 148, na magari ya watu binafsi huruhusiwa kilomita 24 za mwanzo tu. Zaidi ya hapo ni basi la hifadhi. Mabasi huanza kwenda ndani karibu na Mei 20 na kukoma katikati ya Septemba. Mnamo Agosti 2021 mporomoko wa ardhi mahali paitwapo Pretty Rocks ulikata barabara karibu na katikati yake, na tangu hapo mabasi yamekuwa yakigeuzia karibu na kilomita ya 69 huku daraja likijengwa. Kabla ya kulipia ziara ndefu ya basi, muulize wakala basi linafika wapi mwaka huo, kwa kilomita au kwa jina la kituo. Asikujibu kwa maneno ya vipeperushi.

Mwisho wa Mei milima bado ni myeupe na wanyama wako chini mabondeni. Ndio wakati ambao kulungu wakubwa wenye pembe bapa huzaa, na dubu huwawinda ndama wa kulungu hao. Juni kila kitu kinakuwa kijani na maua hujitokeza. Julai ni mwezi wa joto zaidi, na pia mwezi wa mbu, mvua na foleni. Mbu wa Alaska hawaleti malaria, lakini kwa wingi wao wanaweza kukuharibia matembezi. Kilele chao ni kati ya katikati ya Juni na mwisho wa Julai.

Wiki ya mwisho ya Agosti inastahili kutazamwa peke yake. Nyanda zisizo na miti hugeuka nyekundu ndani ya siku chache. Dubu hushinda mchana kutwa wakila matunda ya porini ili wanenepe kabla ya kulala majira ya baridi, kwa hiyo hukaa sehemu moja kwa muda na ukiwa kwenye basi unawaona vizuri. Kulungu madume huwa wanavua ngozi laini iliyofunika pembe zao. Wiki ya kwanza ya Septemba rangi hushukia mabondeni na miti hugeuka njano, na theluji ya kwanza inaweza kuonekana vileleni. Rangi hizo ni za bara. Pwani miti mingi ni ya jamii ya misonobari, haibadiliki rangi, kwa hiyo usitarajie kuiona vuli ukiwa kwenye roshani ya meli.

Mlima wa Denali wenyewe una mita 6,190, karibu mita 300 zaidi ya Kilimanjaro, na wageni wanaobahatika kuuona ni kama theluthi moja tu. Mawingu huuficha mwezi wowote. Usichague tarehe kwa ajili ya kilele, chagua idadi ya usiku: lala angalau usiku mbili karibu na lango la hifadhi, na ukiweza ongeza mmoja katika mji wa Talkeetna, upande wa kusini, ambako mlima huonekana kutoka ukingo wa mto anga likiwa safi. Vipeperushi vitakuchanganya majina. Mnamo Januari 2025 serikali ya Marekani iliagiza mlima urudishiwe jina la McKinley, ila hifadhi imebaki Denali, na wenyeji wengi huuita Denali mlima pia.

Kuna jambo moja ambalo kalenda haiwezi kukukinga nalo: moshi. Moto wa misitu ya bara huwaka kati ya Juni na Agosti, na mwaka 2004 uliteketeza zaidi ya hekta milioni 2.6. Miaka mingi hutaunusa kabisa. Wenye pumu wajue tu kwamba hatari hupungua mvua za Agosti zinaposhika.

Hatua ya tatu: andika kitu kimoja ambacho usipokiona utasikitika

Kimoja, au viwili basi. Anayeandika kumi anarudi kwenye swali la mwanzo.

Kama ni nyangumi, una uhuru mkubwa. Nyangumi wa nundu wa Alaska hupitisha majira ya baridi Hawaii, ambako huzaa na kula kidogo sana, kisha huogelea kaskazini kuja kushiba. Huanza kufika Aprili na Mei, huwa wengi Juni hadi Agosti, na mwanzoni mwa Septemba wengi bado wapo. Ukiwa umewahi kuwaona wa Watamu, wanaopita kati ya Julai na Septemba, ujue wale hutoka bahari ya kusini na hufika pwani yetu kwa ajili ya kuzaa. Karibu na Juneau na mlango-bahari wa Icy Strait utawakuta kazini, wakitafuta chakula. Wakati mwingine kundi zima huzunguka heringi kwa mapovu hadi samaki wakajikusanya, kisha nyangumi wote huibuka kwa pamoja vinywa wazi. Hakuna mwezi unaokuhakikishia kuona hilo, ingawa Julai na Agosti zinakupa nafasi nzuri.

Kama ni samoni na dubu wanaowavua, Mei itakuangusha. Samoni huja kwa zamu kulingana na aina, lakini mijini kwenye njia ya meli kishindo kikubwa ni mwisho wa Julai na Agosti. Ketchikan mto hupita katikati ya mji, chini ya nyumba zilizojengwa juu ya nguzo, na wakati huo maji hujaa samaki wakipanda. Maporomoko maarufu ya Brooks, katika Hifadhi ya Katmai, ambapo dubu husimama na kumdaka samoni hewani, hayako kwenye njia ya meli. Ni safari ya ndege kutoka Anchorage, na wakati wake ni Julai, kisha tena Septemba.

Kama ni mito ya barafu, jambo la kwanza ni kuhakikisha meli yako inaingia Glacier Bay. Hifadhi hiyo huruhusu meli kubwa mbili tu kwa siku, kwa hiyo si kila safari ya Alaska inafika huko. Tafuta jina hilo kwenye ratiba, maana picha ya barafu kwenye tangazo si ahadi. Mei milima inayoizunguka bado ina theluji, na mandhari yake ni ya kupendeza kupita mwezi mwingine wowote. Lakini Mei hiyohiyo, kule kwenye mto wa barafu wa Hubbard, vipande vya barafu vinavyoelea vinaweza kuwa vingi hadi nahodha akasimama mbali. Tena kuna siri ya Septemba: mkono wa Johns Hopkins, ndani kabisa ya Glacier Bay, hufungwa kwa meli za kitalii hadi mwisho wa Agosti kwa sababu sili huzalia na kunyonyeshea juu ya barafu. Kuanzia Septemba meli huweza kuruhusiwa kuingia. Ni mahali pa ajabu, na wasafiri wengi wa Julai hawajui kwamba wamepita karibu na mlango uliofungwa.

Kama ni kuteleza kwa sleji inayovutwa na mbwa juu ya barafu, ambako hufikiwa kwa helikopta, kambi hizo huendeshwa Mei hadi Agosti. Anayesafiri Septemba asizitegemee.

Kama ni jua la usiku, nenda Fairbanks karibu na Juni 21. Jua huonekana kwa karibu saa 22. Huzama yapata saa saba kasorobo usiku na kuchomoza kabla kidogo ya saa tisa, na katikati ya nyakati hizo hakuna giza la kweli. Tangu 1906 mji huo huadhimisha siku hiyo kwa mechi ya besiboli ya usiku isiyohitaji taa. Kwa mtu aliyezoea mchana na usiku wetu wa saa kumi na mbili kwa kumi na mbili, inachosha pia: beba kitambaa cha kufunika macho. Muislamu anayesafiri wakati huo apate mapema ratiba ya swala kutoka kwa Waislamu wa Anchorage, kwa sababu Isha na Alfajiri hazikadiriki kwa kutazama anga.

Na kama ni mianga ya kaskazini, ile ya rangi inayocheza angani usiku, Juni na Julai zifute kabisa. Anga haliwi jeusi. Fairbanks huhesabu msimu wake kuanzia Agosti 21 hivi hadi Aprili, na ili uwe na matumaini unahitaji usiku kadhaa wa kulala bara, si ule mmoja wa kungoja ndege.

Hatua ya nne: Mei panda, Septemba shuka

Hapa ndipo wengi hupoteza siku nzuri bila kujua. Safari inayounganisha meli na bara huenda njia mbili. Unaweza kupanda meli Vancouver, Kanada, ukashukia Whittier au Seward, ndipo ukaingia bara. Au ukaanzia Fairbanks, ukashuka hadi bandarini, na kumalizia baharini. Bei hukaribiana. Kilicho tofauti ni tarehe utakazokuwa Denali.

Ukisafiri Mei, panda: anza na meli. Wiki moja ya baharini inasukuma siku zako za bara mbele, zikaangukia baada ya Mei 20, mabasi yakiwa yameanza na majani yametoka. Ukisafiri mwisho wa Agosti au Septemba, shuka: anza na bara, uikute Denali ikiwa nyekundu na hoteli zikiwa wazi, kisha uikimbie baridi kwa meli. Ukigeuza mpangilio huo, unaweza kufika Denali wakati mapazia yanateremshwa.

Wanaopanda na kushuka Seattle kwa meli ileile wana bei nafuu na usafiri rahisi, ila safari hizo huishia kusini-mashariki na kurudi. Bara haimo. Meli nyingi kati ya hizo pia hupitia bahari ya wazi magharibi mwa kisiwa cha Vancouver, na zile za kwenda Seward au Whittier huvuka Ghuba ya Alaska. Njia ya katikati ya visiwa huwa tulivu. Sehemu hizo mbili za wazi huchafuka zaidi kadiri Septemba inavyosogea. Mwenye kichefuchefu cha bahari achague Juni au Julai, na chumba cha katikati ya meli, ghorofa za chini.

Kwa upande wangu, kwa mtu mzima asiyefungwa na shule, nachagua mwisho wa Agosti: Fairbanks tarehe 24 au 25, Denali siku za mwisho za mwezi, meli ya kushuka siku za kwanza za Septemba. Unapata rangi, dubu, giza la kutosha kwa mianga, samoni bado mitoni, nyangumi bado baharini, mbu karibu wameisha, na bei zimeanza kulegea. Unachotoa ni mvua ya pwani. Nakubali kuitoa, kwa sababu pwani utakuwa ndani ya meli yenye paa na madirisha mapana, na bara, ambako utakuwa nje, mvua haizidi kiasi. Lakini nikipanga safari ya mama mwenye umri, au ya mtu anayetaka kukaa sitahani muda mrefu kutazama barafu, namwambia nusu ya kwanza ya Juni bila kusita.

Hatua ya tano: hesabu meli zitakazokuwa bandarini nawe

Skagway ina wakazi 1,200 hivi, na siku ya kilele hupokea abiria zaidi ya 10,000. Juneau, yenye watu takribani 31,000, iliweka kikomo cha meli kubwa tano kwa siku kuanzia 2024, kisha kikomo cha vitanda vya abiria melini kuanzia 2026: 16,000 kwa siku za kawaida na 12,000 Jumamosi. Miji mingi huchapisha ratiba ya meli miezi mingi kabla. Itafute, tazama tarehe zako, na linganisha safari mbili za wiki ileile. Siku ya meli mbili na siku ya meli tano ni miji miwili tofauti, hata iwe Julai. Mei na nusu ya pili ya Septemba kuna nafasi zaidi, ingawa mwishoni kabisa baadhi ya maduka huwa yanafunga na matembezi hupungua.

Familia zina uhuru mdogo. Likizo ndefu ya Tanzania ya Juni inaangukia vizuri sana; ile ya Kenya ya Agosti inakuweka kwenye mvua lakini pia kwenye samoni. Ndugu zetu wanaoishi Marekani wajue kwamba shule za huko zikifunguliwa katika nusu ya pili ya Agosti, watoto hupungua melini na bei hufuata.

Hatua ya sita: hesabu kurudi nyuma kwa ajili ya viza

Sheria ya Marekani ya 1886 huzuia meli zenye bendera ya kigeni kuchukua abiria kutoka bandari moja ya Marekani na kuwashusha katika nyingine, na inayorudi bandari ileile lazima iguse nchi nyingine njiani; nazo karibu meli zote kubwa za kitalii zina bendera za kigeni. Kwa hiyo Kanada iko karibu kila safari: ama unapanda au kushuka Vancouver, ama meli ya Seattle inasimama Victoria. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda ajitayarishe kwa viza mbili, na ile ya Marekani iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Mwenye kadi ya ukazi wa kudumu wa Marekani huingia Kanada bila viza, akibeba kadi na pasipoti iliyo hai.

Tangu 2025 Marekani imebana viza za wageni kwa nchi kadhaa za Afrika, Burundi na Tanzania zikiwamo. Uliza ubalozini kwanza, kabla ya arbuni yoyote, na usichukue neno la wakala kuwa neno la ubalozi. Miadi ya viza inaweza kuchukua miezi mingi, hivyo anayelenga Agosti aanze kushughulika Agosti ya mwaka uliotangulia. Viza ikishapatikana, fuata mpangilio huu wa kulipa: vyumba vya Denali, meli, treni, ndege. Vyumba vya Denali ndivyo vinavyoisha mapema.

Kiangazi Alaska iko saa 11 nyuma ya Afrika Mashariki. Fika mji wa kupandia meli siku moja kamili kabla, mbili ukiweza, maana ndege ikichelewa meli haikungoji. Na mwezi wowote utakaochagua, begi la mkononi liwe na koti la mvua lisilopenya maji, sweta ya sufu, kofia na darubini ndogo. Mwavuli uache nyumbani. Kwenye upepo wa sitahani haufai kitu.